Kutuliza kelele chumbani kwa sauti pinzani: hatua kwa hatua

Kelele ya chumbani inashikika sehemu mbili: pale inapozaliwa na pale inapoingia sikioni. Ikishasambaa hewani, ikagonga kuta na dari na kurudi, kuikamata ni kazi inayozisumbua hata maabara kubwa. Ndiyo maana mtu anayenunua kifaa cha kuweka juu ya meza, akitumaini kitameza kelele yote ya chumba, hurudi akisema teknolojia hii ni uongo. Hilo huniuma, kwa sababu teknolojia yenyewe ni ya kweli na inafanya kazi vizuri sana ikiwekwa mahali pake. Mwongozo huu unakupeleka kwenye sehemu hizo mbili, na unakueleza mapema ni kelele zipi za kuachana nazo.

Wazo lenyewe ni jepesi. Sauti ni msukumo wa hewa unaopanda na kushuka. Kelele inaposukuma hewa, spika yako inaivuta kwa nguvu ileile. Kelele inapovuta, spika inasukuma. Jumla ya hivyo viwili inakaribia sifuri. Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza ya wazo hili mwaka 1933, na Marekani ikampa ya kwake mwaka 1936: maikrofoni ndani ya bomba, spika mbele kidogo, na wimbi linageuzwa kabla kelele haijafika kwenye spika. Mwaka 1953 Harry Olson na Everett May wakaeleza kifaa cha kukaa karibu na kichwa cha mtu aliyeketi kitini. Angalia walichochagua: mmoja bomba, wengine kichwa. Hakuna aliyeanza na chumba kizima.

Hatua ya kwanza: ijue kelele yako kwa namba

Sikiliza kwanza kwa masikio, usiku, kila kitu kikiwa kimezimwa isipokuwa kile kinachokukera. Je, ni mvumo usiobadilika, kama wa friji, kiyoyozi, pampu au jenereta ya mbali? Au ni kelele inayokuja na kuondoka: maneno ya watu, mbwa, mlango unaobamizwa, honi? Sauti pinzani inaziweza zile za kwanza. Hizo za pili, mbali na hedfoni, usizipotezee muda. Mvumo unaojirudia unatabirika, na mashine inaweza kuuandalia jibu kabla haujafika. Mlango ukibamizwa, mpaka mashine ielewe kilichotokea, umeshashtuka.

Sasa weka kwenye simu programu ya kuchora wigo wa sauti, ile inayoonyesha mstari unaopanda kila penye sauti yenye nguvu. Weka simu pale kichwa chako kinapolala na uiache dakika moja au mbili. Tafuta mlima mwembamba unaosimama peke yake, kisha andika masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa hezi. Kuna mtego hapa. Programu nyingi za kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, hutumia kipimo cha A, ambacho hukata sauti nzito makusudi: kwenye hezi 100 kinapunguza desibeli 19, na kwenye hezi 50 kinapunguza 30. Mvumo unaokunyima usingizi unaweza kuonekana kwenye kipimo hicho kana kwamba haupo. Badilisha uweke C au Z. Fahamu pia kwamba maikrofoni za simu nyingi husikia hafifu chini ya hezi 100, na baadhi ya simu huchuja kelele zenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo ukiweza azima maikrofoni ya kuchomeka.

Namba utakayoipata inakuambia mambo mawili. La kwanza ni chanzo. Umeme wa gridi ya hezi 50 huzaa mvumo wa sumaku wa hezi 100 kamili, na gridi ya hezi 60 huzaa wa 120. Ukikuta mlima kwenye 100 kamili, hiyo ni transfoma au sumaku za mota. Ukiukuta kwenye 48 au 49, huo ni mzunguko wa mota wenyewe, kwa sababu mota ya kawaida ya friji au pampu huzunguka pole kidogo kuliko umeme unaoiendesha. Tofauti hiyo ya hezi moja au mbili kati ya mota na umeme wa hezi 50 itakuja kuamua vifaa utakavyotumia.

La pili ni urefu wa wimbi. Sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20. Gawanya 343 kwa masafa yako. Hezi 100 inatoa wimbi la mita 3.4, hezi 1000 inatoa sentimita 34. Chukua sehemu ya kumi ya urefu huo: huo ndio upana wa eneo tulivu utakaloweza kulitengeneza kwa spika moja kwenye chumba chenye mwangwi, yaani eneo ambalo ndani yake kelele imeshuka angalau desibeli 10, ambazo kwa sikio ni kama nusu. Kwa hezi 100 utapata duara la sentimita 34, linalotosha kichwa na kujigeuza kidogo. Kwa hezi 1000 utapata sentimita 3.4. Hapo hata masikio yako mawili hayaingii pamoja.

Hatua ya pili: ziba, tenganisha, sogeza

Hii nitaipitia haraka, ila usiiruke. Sauti nyembamba zote, kuanzia hezi 1000 hivi kwenda juu, huzuiwa na vitu vizito visivyo na nyufa. Mlango mzuri wenye upenyo wa asilimia moja tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa chuma kitupu, kwa hiyo utepe wa mpira kuzunguka fremu na kizibo cha chini ya mlango hukupa faida kubwa kwa kazi ndogo. Mashine inayotetemeka iwekee mpira mnene chini ya miguu yake na uiondoe kwenye kugusana na ukuta. Fanya haya kisha upime tena. Kinachobaki kwa kawaida ni sauti nzito, ambazo ukuta unashindwa kuzizuia, na hizo ndizo sauti pinzani inazimudu zaidi.

Hatua ya tatu: jaribio la spika mbili

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili. Litakufundisha zaidi ya maelezo ya kurasa nyingi.

Unahitaji kompyuta, programu ya Audacity ambayo ni ya bure, na spika mbili zinazofanana zilizounganishwa kwa waya. Tengeneza mlio mmoja wa hezi 200 kwenye njia mbili, kushoto na kulia. Chagua njia ya kulia peke yake na uigeuze kwa amri ya kupindua wimbi, hivyo kilele cha kushoto kinalingana na bonde la kulia. Weka spika mbili ubavu kwa ubavu, zigusane, kisha cheza. Sauti itakuwa hafifu chumba kizima. Ondoa waya wa spika moja: mlio unaruka juu. Urudishe: unazama tena. Mara ya kwanza kusikia spika ya pili ikiwashwa na chumba kikanyamaza, unaamini.

Sasa anza kuzitenganisha. Zikiwa umbali wa mita mbili, tembea chumbani polepole ukiwa umeziba sikio moja. Utakuta mahali mlio umekufa kabisa, na hatua moja mbele utakuta una nguvu kuliko wa spika moja. Hayo ni mawimbi yanayokutana mahali pengine yakiwa kinyume na mahali pengine yakiwa pamoja, na yakikutana pamoja yanaweza kuongeza hadi desibeli 6. Panda hadi hezi 1000 na urudie. Madoa ya utulivu yamekuwa madogo kiasi kwamba ukigeuza shingo tu unatoka ndani yake.

Jaribio hili ndilo linalotoa sheria ya kazi yote inayofuata. Spika pinzani ikiwa karibu sana na chanzo, karibu kuliko sehemu ya kumi ya wimbi, chumba chote kinatulia. Ikiwa mbali na chanzo, kinachotulia ni doa, na hilo doa inabidi ulipeleke kwenye kichwa chako.

Kosa la vipimo nalo lina bei yake. Mzunguko mmoja wa wimbi una nyuzi 360. Ukikosea nyuzi 10 katika kulinganisha mawimbi, huwezi kupunguza zaidi ya desibeli 15. Ukikosea nyuzi 30, unabaki na chini ya desibeli 6. Ukifika nyuzi 60 faida yote imeisha, na ukizidi hapo unaongeza kelele. Kwa hezi 100, nyuzi 60 ni sentimita 57 za umbali. Kwa hezi 1000 ni chini ya sentimita 6.

Hatua ya nne: anza na hedfoni

Kwa watu wengi safari inaishia hapa, na si jambo la kusikitikia. Hedfoni za kufuta kelele zimelitatua tatizo la umbali kwa kuliondoa: maikrofoni, spika na sikio viko ndani ya sentimita chache. Saketi zake hujibu haraka sana, na ndiyo maana hata kelele isiyotabirika hupungua. Hufanya kazi vizuri zaidi chini ya hezi 1000 hivi. Juu ya hapo kinachozuia ni sponji na ngozi ya hedfoni yenyewe.

Hapo ndipo watu wanapopoteza faida waliyoilipia. Sponji iliyochakaa au mkono wa miwani unaoinyanyua hufungua ufa mdogo, na ufa huo huruhusu hasa sauti nzito, zile zile unazotaka zifutwe. Jaribu hivi: washa kufuta kelele ukiwa karibu na feni, kisha bonyeza hedfoni taratibu kwa viganja. Mvumo ukipungua unapobonyeza, sponji zako hazikai sawa. Kwa za kuingiza ndani ya sikio, jaribu ukubwa tofauti wa vifuniko vya mpira kila sikio kivyake, maana masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane.

Baadhi ya watu huhisi kama masikio yamebanwa, mfano wa kupanda mlima kwa gari. Hakuna shinikizo halisi. Ni ubongo unaokosa sauti nzito ulizozizoea. Punguza kiwango cha kufuta ikiwa kifaa kinaruhusu, na uanze na vipindi vifupi. Usiongeze muziki kufunika kilichobaki. Na kama wewe ndiye unayetegemewa kusikia mtoto akilia au king'ora cha moshi, usilale nazo.

Hatua ya tano: nyamazisha chanzo ikiwa kinafikika

Ukiwa na transfoma, kisanduku cha umeme, pampu ndogo au mashine nyingine yenye mvumo mmoja mzito, na iko mahali unapoweza kuisogelea, hapa ndipo penye zawadi kubwa. Spika moja iliyobandikwa pembeni yake inaweza kutuliza chumba chote, kama ulivyosikia kwenye jaribio. Usifungue mashine wala kugusa nyaya zake. Kazi yote inafanyika nje.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kutengeneza mlio wa hezi 100 kwenye kompyuta na kuurekebisha kwa mkono mpaka mvumo ufe. Utakufa, kisha utafufuka. Masafa ya gridi huyumba kidogo muda wote. Mlio wako ukipishana na mvumo kwa hezi 0.05 tu, mawimbi mawili yatapita kwenye kufutana na kuongezana kila sekunde 20. Utakaa umelala ukisikia mvumo unavimba, unanywea, unavimba. Ni kero mbaya kuliko ile ya mwanzo.

Kinachohitajika ni ishara ya rejea inayotoka kwenye chanzo chenyewe, ili mashine ikiyumba, jibu lako liyumbe nayo. Hapa ile namba ya hatua ya kwanza inafanya kazi. Mvumo ukiwa wa hezi 100 kamili, unafungamana na umeme, kwa hiyo rejea inaweza kutoka kwenye umeme: tumia adapta iliyofungwa ya kiwandani inayotoa volti 9 za AC, na uzipunguze kwa rezista mbili, moja ya kilo-om 22 na nyingine ya kilo-om 1, upate kama nusu volti ya kuingiza kwenye bodi ya kuchakata sauti (bodi na programu yake zimeelezwa kwenye hatua ya sita). Ndani ya programu, zidisha ishara hiyo kwa yenyewe na uondoe wastani. Hezi 50 inageuka 100, imefungamana na gridi bila kuteleza.

Mvumo ukiwa wa mzunguko wa mota, ule wa 48 au 49, umeme hautakusaidia. Bandika kwenye bati la mashine kitambuzi cha mtetemo cha piezo, kile kisahani chembamba wanachobandika wapiga gitaa. Mimi hukipenda kuliko maikrofoni hata pale maikrofoni ingetosha, kwa sababu kinasikia mtetemo wa bati na karibu hakisikii spika yako. Maikrofoni ikiisikia spika yako inaanza kujibu jibu lake yenyewe, na mwisho wake ni mlio mkali wa kuzunguka unaoweza kuchoma spika.

Hatua ya sita: eneo tulivu juu ya mto

Chanzo kikiwa nje ya uwezo wako, kwa jirani au barabarani, utatengeneza doa pale kichwa kinapokaa. Hii ni kazi ya mtu anayependa kushika solda na kuandika programu. Ni ya wikiendi kadhaa.

Vifaa ni hivi: bodi ya kuchakata sauti (Teensy yenye bodi yake ya sauti inatosha kuanzia), amplifaya ndogo, spika inayoweza kushuka hadi masafa yako, na maikrofoni mbili. Maikrofoni ya kwanza, ya rejea, inakaa upande kelele inakotokea. Ya pili, ya ukaguzi, inakaa karibu na sikio iwezekanavyo, kwa mfano imeshonwa pembeni ya mto. Spika iwekwe kwenye ubao wa kichwani, sentimita 20 au 30 kutoka kichwani. Kuwa karibu kuna faida mbili: unahitaji sauti ndogo, na sauti hiyo haisambai sana kumsumbua mwenzako upande wa pili wa kitanda. Kumbuka madoa ya jaribio; ukipiga spika kwa nguvu, utulivu wako unaweza kuwa kelele yake.

Kila kitu kiunganishwe kwa waya. Spika za Bluetooth kwa kawaida huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Katika millisekunde 150 sauti imeshakimbia mita 51, kwa hiyo maikrofoni yako ya rejea ingebidi isimame mita 51 kutoka kitandani ili jibu liwahi. Hata bodi yenyewe ina deni. Maktaba ya sauti ya Teensy hushughulikia sampuli 128, yaani vipimo vya papo hapo vya sauti, kwa mpigo kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde. Hizo ni millisekunde 2.9, sawa na mita moja ya safari ya sauti, na unalipa zaidi ya mara moja, kuingia na kutoka. Kwa mvumo unaojirudia deni hili halina madhara, kwa sababu mzunguko unaofuata unafanana na uliopita. Kwa kelele ya magari linaua mradi. Ukitaka kujaribu kelele ya aina hiyo, andika programu inayoshughulikia sampuli moja moja, na usogeze maikrofoni ya rejea hadi dirishani.

Programu yenyewe hufuata algoriti iitwayo FxLMS. Mzizi wake ni LMS ya Bernard Widrow na Ted Hoff ya mwaka 1960, na umbo linalotumika kwa kelele lilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inafanya kazi hivi: kichujio kinageuza ishara ya rejea kuwa sauti pinzani, maikrofoni ya ukaguzi inasikiliza kilichobaki, kichujio kinarekebishwa kidogo kuelekea kwenye mabaki madogo zaidi, kisha tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Lakini sauti ikitoka kwenye spika hufika kwenye maikrofoni ikiwa imechelewa na kubadilishwa na chumba. Mashine isipolijua badiliko hilo, inaweza kurekebisha kuelekea upande usio sahihi.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, fundisha mashine njia hiyo. Zima chanzo cha kelele ukiweza, cheza sauti ya kuvuma kama redio isiyo na stesheni kwa nusu dakika kutoka kwenye spika, na uache programu ijifunze kichujio kinachoeleza safari kutoka spika hadi maikrofoni ya ukaguzi. Lala kwenye mto wakati huo, au weka kitu chenye ukubwa wa kichwa, kwa kuwa kichwa chenyewe hubadilisha njia. Ukihamisha kitanda, fundisha upya.

Kisha washa kufuta ukiwa na hatua ndogo kabisa ya marekebisho, na sauti ya amplifaya ikiwa chini. Tazama kiwango cha maikrofoni ya ukaguzi. Kikishuka polepole kwa sekunde kadhaa na kutulia, ongeza hatua kidogo. Kikianza kupanda, zima mara moja: ama njia haikufunzwa vizuri, ama hatua ni kubwa mno. Weka ndani ya programu kikomo cha sauti ya spika na kanuni ya kujizima kila mabaki yanapozidi kelele ya mwanzo. Usilale kando ya mashine isiyo na kikomo hicho. Mlio wa kuzunguka ukianza saa nane za usiku sentimita 20 kutoka sikioni, unaweza kukuumiza.

Kuna bahati moja inayowezekana katika vyumba vidogo. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvuma chenyewe kwenye hezi 43 hivi, kwa sababu nusu ya wimbi hilo inakaa sawasawa kati ya kuta mbili. Mvumo wako ukiangukia karibu na masafa hayo, chumba kizima kinapumua kwa mtindo mmoja, na spika ya besi kwenye pembe ya chumba inaweza kuushusha kila mahali kwa pamoja. Gawanya 343 kwa mara mbili ya kila kipimo cha chumba chako, ulinganishe na namba yako. Ukikuta zinakaribiana, jaribu pembe kabla ya mto.

Hatua ya saba: tundu la hewa na dirisha

Kelele ikiingia kupitia bomba la kupitishia hewa, rudi kwa Lueg. Ndani ya bomba lenye upande wa sentimita 20, mawimbi yote yaliyo chini ya hezi 850 hivi husafiri yakiwa yamenyooka, bila kuzagaa pembeni, na spika moja iliyowekwa ubavuni inaweza kuyazuia kwa upana wake wote. Weka maikrofoni ya rejea upande wa feni, spika mbele yake kwa umbali unaoipa mashine muda wa kujibu, na ya ukaguzi karibu na mdomo wa bomba. Upepo ukiipuliza maikrofoni moja kwa moja hutoa kelele ya uongo, ifunike kwa sponji.

Dirisha lililo wazi ni gumu zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, walichapisha majaribio ya dirisha la ukubwa wa kawaida lenye spika ndogo 24 zilizopangwa kwenye uwazi wake. Walipata punguzo la hadi desibeli 10 kwenye kelele za mjini, hasa kati ya hezi 300 na 1000. Spika za aina hiyo ni ndogo mno kushughulikia mngurumo mzito wa malori. Ni kazi nzuri sana, na inaonyesha gharama halisi ya kutaka hewa safi na utulivu kwa pamoja. Nyumbani, dirisha lenye vioo viwili likifungwa vizuri bado linashinda.

Hatua ya nane: pima, kisha amua

Rekodi dakika tano pale pale kwenye mto, kufuta kukiwa kumezimwa, na dakika tano nyingine kukiwa kumewashwa, kwa simu ileile na mkao uleule. Linganisha mlima wa masafa yako peke yake, kisha linganisha jumla. Mlima ukiwa umeshuka desibeli 10 na jumla haikubadilika, maana yake kuna kelele nyingine iliyokuwa imejificha nyuma yake, na inabidi uirudishe hatua ya kwanza nayo. Pima pia mahali mwenzako anapolala na kwenye meza ya kazi. Kokote kulikopanda, punguza sauti ya spika au isogeze.

Shirika la Afya Duniani limependekeza chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30 za kipimo cha A usiku. Ukishafika karibu na hapo, sauti ndogo ya kuvuma ya spika yako yenyewe itaanza kusikika. Punguza ukuzaji wa amplifaya hadi kiwango cha chini kinachotosha mvumo wako, na uiwekee saa iwake tu katika zile saa mashine ya jirani inapofanya kazi. Kwa maneno ya watu yanayopenya ukutani, tumia feni au sauti ya mvua kwa kiwango cha chini kuyafunika, kwa kuwa konsonanti zinazoyafanya yaeleweke ziko kwenye masafa ya hezi elfu kadhaa, ambako doa lako tulivu lina upana wa kidole. Na kama baada ya wiki mbili punguzo kwenye mto halijafika hata desibeli 5, ng'oa spika, chukua hedfoni, na uitumie hiyo amplifaya kwa muziki.